Lipa, Lipia, Lipisha: Lugha ya Huduma katika Usanifu wa Programu za Biashara

Miongoni mwa maneno ambayo wataalamu wa tarakilishi huyatumia kwa wingi pasi na kuyahoji ni neno "huduma". Kampuni ya utafiti ya Gartner ilianza kuzungumzia usanifu wa programu uliojengwa juu ya huduma mnamo 1996, na tangu hapo vitabu vimeandikwa, makongamano yamefanywa na mitindo imekuja ikapita. Kufikia 2009 walikuwapo waliotangaza kwamba usanifu huo umekufa. Kufikia 2014 ulikuwa umefufuka kwa jina jingine, huduma zikiwa zimekatwa vipande vidogo zaidi. Mwanafunzi wa fasihi aliyekwisha kusikia kwamba ushairi huru umeua arudhi, kisha akasikia kwamba arudhi ingali hai, hatashangazwa na habari hii.

Wazo lenyewe halina ugumu. Badala ya biashara kuwa na programu moja kubwa inayojua kila kitu, kila jambo ambalo biashara hulifanya hupewa programu yake, na programu hiyo huweka mlango mmoja wa kuhudumia nyingine. Anayetaka kujua bei huiuliza huduma ya bei. Haingii ghalani kufungua madaftari. Aliyewahi kufika Lamu anaufahamu mpango huu hata kama hajaigusa tarakilishi maishani. Nyumba ya mawe ya mji ule ina daka mbele ya mlango, mgeni huketi pale, hupokewa na kusikilizwa, na njia ya kuingilia imepindwa makusudi ili jicho lake lisifike ndani. Wenye nyumba wanaweza kuhamisha vitanda, kuvunja ukuta au kugombana, na mgeni wa dakani asijue. Usanifu wa huduma hutaka kila programu iwe na daka lake.

Kati ya daka na mgeni pana mkataba. Neno hili limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotuzalia kitabu, katibu, katiba na maktaba, yaani mzizi wa kuandika, na kwa hakika mkataba wa huduma ni maandishi matupu: ombi liandikwe vipi, jibu litakuja na nini, na likitokea kosa litatajwa kwa nambari gani. Programu mbili zisizojuana haziaminiani kwa lolote jingine.

Hadi hapa mazungumzo ni ya wahandisi. Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba, kabla ya mkataba kuandikwa, lazima mtu aamue huduma zenyewe ni zipi, zinaanzia wapi na zinaishia wapi, na uamuzi huo ni kazi ya lugha. Eric Evans, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu usanifu unaofuata uwanja wa shughuli, alisisitiza kwamba wahandisi na wenye biashara sharti wawe na lugha moja, na kwamba maneno ya lugha hiyo ndiyo yatumike ndani ya programu. Neno likiwa na maana mbili mezani, litakuwa na maana mbili katika tarakilishi, ila tarakilishi haitakunja uso ili mzungumzaji atambue kwamba hakueleweka. Evans hakuandika akiwafikiria watu ambao biashara yao hufanywa kwa lugha moja na programu zao hutungwa kwa nyingine. Hali hiyo ndiyo ya kawaida nchini Kenya.

Mfano ulio karibu na kila mtu ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Majina ya huduma zilizoizunguka ni hazina kwa mwanaisimu. Kuna Sambaza, Okoa Jahazi, Hakikisha, na tangu 2019, Fuliza. Aliyechagua neno la mwisho alikuwa na sikio. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukatiza, na huduma hiyo hufanya hilohilo: salio la mteja likiisha katikati ya malipo, malipo yanaendelea kwa pesa za mkopo. Neno "mkopo" halimo katika jina, wala "benki", wala "riba". Kinachotajwa ni tendo kama linavyoonekana na mwenye simu. Vitabu vya usanifu hutumia sura nzima kuwasihi wahandisi waziite huduma kwa matendo ya biashara, si kwa mitambo inayoyatekeleza. Fuliza inaweza kuwa mfano wa sura hiyo. (Kwamba jina zuri hurahisisha pia kusahau kuwa mtu anakopa ni hoja nyingine, nayo si ndogo.)

Mnamo 2017 Safaricom ilifungua mlango wa programu za watu wengine kuingia katika M-Pesa, ikauita Daraja. Jina hili nalo limeteuliwa vyema kuliko inavyodhaniwa. Katika Kiarabu ni kidato, ngazi au cheo, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo pamoja na ile ya kivuko juu ya mto. Programu ya duka, ya sacco au ya chuo huvuka hapo, na huvuka kwa hatua zenye mpangilio. Kwanza huomba kitambulisho cha muda kinachodumu sekunde 3,600, kisha hutuma ombi lake, kisha hungoja. Lakini anayevuka daraja hili hugundua kwamba Kiswahili kimebaki kwenye kibao cha mlangoni. Mkataba wote ndani ni wa Kiingereza. Yule anayelipa hakulazimika kujua neno moja la kigeni. Yule anayeunganisha hawezi kusogea bila hayo. Na yule aliye kati yao, yaani karani anayejua pesa hizo ni za nini, hana lugha ya kuingilia mazungumzo.

Inafaa kumfuata karani huyo kwa kutumia mfano wa chuo kikuu kinachopokea karo. Chuo chenyewe ni cha kubuni, ila njia ya pesa ni kama mkataba wa Daraja unavyoieleza.

Mzazi analipa kwa nambari ya biashara, na katika nafasi ya akaunti anaandika nambari ya usajili ya mwanawe. Kabla ya kuzipitisha pesa, M-Pesa inaweza kukiuliza chuo: nambari hii mnaitambua? Uhakiki huu ni wa hiari, na biashara inayoutaka huuomba. Chuo kikikubali, pesa hupita na taarifa ya uthibitisho hufuata. Kikikataa, pesa hazipokewi. Huo ni mkataba wa watu waungwana. Lakini chuo kisipojibu? Seva zimezimika, au mtandao umekatika usiku wa mwisho wa kulipa karo. Mkataba unakitaka chuo kiseme mapema, siku ya kujisajili, kimya chake kichukuliwe kuwa nini: ridhaa au katao. Kikichagua ridhaa, pesa zitaingia hata kama nambari ya mwanafunzi imekosewa, na mtu atakaa siku nzima akizitafutia mwenyewe. Kikichagua katao, mzazi aliyekopa kwa jirani ataambiwa kwamba malipo yameshindikana saa nne za usiku, na hatajua kosa ni la nani. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huu ni uamuzi wa utu na wa biashara kwa pamoja, na mara nyingi hufanywa na kijana mmoja anayejaza neno moja la Kiingereza kati ya mawili yanayokubalika, pasi na mtu wa karo kujua kwamba palikuwa na swali.

Hilo ni la kulipa. Kiswahili kina mengine. Kitenzi hiki kina minyambuliko ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifanyia zoezi na kuisahau: lipa, lipia, lipisha, lipwa, lipiwa, lipana. (Kuna na lipiza, lakini huyo heri abaki kwenye tamthilia.) Mtu akiyatazama maneno haya kwa jicho la msanifu wa programu, ataona kwamba kila kauli inabadilisha idadi ya wahusika na nafasi zao, na kwamba mabadiliko hayo ndiyo yanayotofautisha huduma moja na nyingine. Lugha imekwisha kufanya sehemu ya kazi ambayo mhandisi hukaa wiki mbili mbele ya ubao akiichora.

Hebu kikao kama hiki kifikiriwe. Mhandisi ana daftari, karani wa karo ana miaka mingi kazini.

"Mama, mwanafunzi akilipa, mfumo ufanye nini?"

"Amelipa yeye, au amelipiwa?"

"Kuna tofauti gani? Pesa si zimeingia?"

"Zimeingia kwa jina la nani, mwanangu? Mjomba akituma, jina ni la mjomba. Pesa za HELB nazo huja kwa pamoja, na orodha ya majina huja kivyake. Mimi siandiki kwamba fulani amelipa mpaka nimwone kwenye orodha."

Kwa swali lake moja karani ametenganisha huduma mbili ambazo mhandisi alikuwa anakaribia kuzifanya moja. Katika kauli ya kutenda kuna mlipaji na anayelipwa. Katika kauli ya kutendea ameongezeka mtu wa tatu, anayelipiwa, na deni ni lake. Taarifa inayovuka Daraja huja na jina la mwenye simu, na pia nambari ya simu, ambayo katika toleo jipya la mkataba hufichwa kwa sehemu. Kuhusu anayelipiwa haina jambo lolote ila kile kilichoandikwa katika nafasi ya akaunti, ambayo mkataba unaiita BillRefNumber. Mhandisi aliyejenga akifikiri kwamba mlipaji na mwanafunzi ni mtu mmoja atamtambua mwanafunzi kwa simu, na mfumo wake utafanya kazi vyema siku ya majaribio, kwa kuwa wanaoujaribu hujilipia wenyewe.

Nao muda wa kuugundua upungufu huu huwa mbaya. Hugunduliwa wiki ya mitihani. Mwanafunzi anasimama dirishani bila kadi ya mtihani, ujumbe wa mjombake uko kwenye simu na nambari ya risiti yenye herufi na tarakimu kumi, pesa ziko katika akaunti ya chuo, na tarakilishi inasema hajalipa. Inasema kweli, kwa maana yake. Hakulipa; alilipiwa. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa 2023 ulilifanya jambo hili kuwa zito zaidi kwa kuigawa karo ya mwanafunzi mmoja kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia: walipaji watatu, anayelipiwa mmoja, na siku tatu tofauti za pesa kuingia.

Msanifu aliyemsikiliza karani angejenga vipi? Angeweka huduma moja ya kupokea pesa, isiyojua chochote kuhusu wanafunzi. Kazi yake ni kushuhudia kwamba kiasi fulani kimeingia, lini, na kwa risiti gani, na kukiandika mara moja tu hata kama taarifa imerudiwa mara mbili, jambo ambalo hutokea. Ya pili ingekuwa ya daftari la karo. Hii huamua pesa zilizopokewa zinapunguza deni la nani, nayo ndiyo mahali pa ile orodha ya HELB na pa zile pesa zilizoingia na nambari iliyokosewa, ambazo sharti ziwe na pa kukaa hadi mwenyewe apatikane. Ya tatu ni ya kibali cha mtihani. Ofisi ya mitihani ingeiuliza swali moja, je, huyu anaruhusiwa, na ingepewa ndiyo au la. Haina haja ya kujua mwanafunzi anadaiwa shilingi ngapi wala nani anamlipia, na kutojua huko ni heshima kwa mwanafunzi. Siku chuo kitakapoamua kwamba aliyelipa sehemu fulani ya karo ataruhusiwa, kitabadilisha ndani ya huduma hiyo ya tatu, na ofisi ya mitihani haitaguswa. Daka litabaki lilivyo.

Mgawanyo huu hauigi ofisi za chuo, na hapo ndipo hupata upinzani. Melvin Conway aliandika mnamo 1968 kwamba taasisi hubuni mifumo inayofanana na njia zake za mawasiliano, na mwenye shaka atazame mifumo ya taasisi yoyote aliyoisomea. Mhasibu na msajili wasiposemezana, programu zao hazitasemezana, au zitasemezana kwa kupekuliana madaftari usiku. Vituo vya Huduma ambavyo serikali ya Kenya ilianza kuvifungua mnamo 2013 vilimpa mwananchi ukumbi mmoja badala ya safari za ofisi kumi. Ukumbi mmoja ni neema, ila ukumbi haujibu swali la nani mwenye daftari.

Inabaki kauli ya kutendesha. Kulipisha ni kumfanya mtu alipe, na huduma mojawapo ya Daraja hufanya jambo linalokaribia hilo: duka au chuo hutuma ombi, na kwenye simu ya mteja hujitokeza kijisanduku chenye kiasi na jina la biashara, kikimtaka atie nambari yake ya siri. Ni kulipisha kusikolazimisha, maana mteja anaweza kukataa. Wanasarufi wamekwisha kuonyesha kwamba kauli hii katika Kiswahili si ya shuruti pekee. Mtu humkopesha mwenzake bila kumshika shingo. Kwa hiyo jina lipo, na limetosha.

Lakini kwa msanifu ugumu wa huduma hii umo katika wakati. Ombi likitumwa, jibu la kwanza huja upesi, nalo huwa la heri: limepokelewa. Kilichopokelewa ni ombi. Pesa bado. Jibu la pili ndilo huja na matokeo, baada ya mteja kutia nambari yake, au kusita, au kuizima simu. Sufuri ni kufaulu. 1 ni salio kutotosha. 1032 ni mteja kughairi. 1037 ni simu kutopatikana au kutojibu kwa wakati. "Ombi limepokelewa" na "malipo yamepokelewa" zina kitenzi kimoja, kauli moja na -me- ileile. Tofauti yote imebebwa na kiima. Programu iliyoyachanganya majibu haya mawili hutoa bidhaa au kadi ya mtihani kwa mtu ambaye bado anaitazama simu yake, na si nadra kwa programu kuyachanganya, kwa sababu aliyeiandika aliona neno la kufaulu akafurahi.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mapambo ya watu wa lugha, na kwamba mhandisi wa Nairobi hufikiri kwa Kiingereza tangu shuleni. Hoja yake ina uzito katika mikataba baina ya kampuni na kampuni, ambayo husomwa Nairobi leo na Bengaluru kesho, nayo ibaki kama ilivyo. Haina uzito ndani ya biashara yenyewe. Lugha za kuandikia programu zina maneno yake machache yasiyobadilika. Majina mengine yote huchaguliwa na mwandishi, na tarakilishi haijali kama huduma imeitwa kwa Kiingereza au imeitwa Lipia. Karani ndiye anayejali. Akiona neno Lipia kwenye mchoro anaweza kuweka kidole na kusema, hapa mmekosea. Akiona neno asilolimiliki, atanyamaza kwa adabu, na kimya chake nacho kitachukuliwa kuwa ridhaa.

Wala si kazi ya kuunda istilahi ngeni. Wapenzi wa Kiswahili wamebishana miaka mingi kati ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na Sheikh Ahmed Nabhany, aliyekipa Kiswahili neno runinga, alistahili kila heshima aliyopewa kabla na baada ya kufariki 2017. Lakini hapa maneno tayari yapo midomoni. Kazi ni kukaa kikaoni na kuuliza kila mtu anaposema "amelipa" ana maana gani, kuandika majibu, na kutoruhusu mawili yapewe jina moja. Hiyo ni semantiki ya mwaka wa pili.

Mfano mmoja bado haujapata suluhisho. Mkataba wa Daraja una huduma ya kuyatangua malipo yaliyokwisha kufanywa. Karani akiulizwa jina lake kwa Kiswahili hatoi moja, hutoa matatu. Kughairi ni kabla tendo halijatimia. Kurejesha ni baada yake, na pesa hurudi kwa aliyezituma, hata kama aliyelipiwa amekwisha kufanya mtihani kwa pesa hizo. La tatu ni kusamehe, pale chuo kinapoamua kwamba yatima fulani hatadaiwa tena. Deni huondoka na hakuna shilingi inayovuka popote. Kwa mawili ya kwanza mhandisi anaweza kupata mahali pa kugonga katika mkataba. Kwa la tatu hapana, kwa kuwa M-Pesa haiwezi kuona kisichopita mikononi mwake, na daftari la karo lililojengwa ili lisikilize M-Pesa pekee litaendelea kumdai yatima huyo kila muhula, hadi mtu aingie ndani usiku na kufuta kwa mkono.